Masika ya Mzee Ngazi

9 Machi

Masika yameanza leo, na mimi leo nimetapikiwa.

Hayakuwa matapishi ya kweli. Yalikuwa uji wa jana, biskuti zilizolowa na nyanya ya kopo, vyote Mwiko alivijaza mashavuni kisha akavimwaga kifuani pangu mbele ya kamera. Kocha hakuridhika. Alisema matapishi yanatakiwa yapae kwanza, ndipo yatue. Basi tukarudia, na tukarudia tena, na kila tuliporudia uji ulikuwa umepoa zaidi na mimi nimelowa zaidi. Wigi langu la mvi lilikwisha ota ukungu. Leo limepata na mboga.

Hii ndiyo kazi yangu. Tuko wanne kwenye chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Kocha anaandika na kuongoza. Hajawahi kufundisha timu yoyote, ila ana filimbi. Mwiko ndiye nyota, mrefu na bapa kama jina lake. Kuna mpiga picha, ambaye sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Na kuna mimi, Mama Mkwe wa kila mkwe, na mto wangu wa sponji tumboni. Tunatengeneza filamu fupi za kuchekesha, za dakika chache, watu wanazitazama kwenye simu wakiwa chooni. Simtukani mtu. Kocha mwenyewe ndivyo anavyotuambia: tumchekeshe mtu aliye chooni.

Zamani hatukuwa hivi. Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya mume anayepanga foleni nyumbani kwake mwenyewe ili aonane na mkewe. Mke anafungua dirisha la jikoni, anamwambia mtandao umekatika, arudi kesho. Mimi ndiye niliyekuwa mke. Naipenda filamu ile mpaka leo. Iliangaliwa na ndugu zetu, na si wote. Kisha siku moja Mwiko akaponyokwa na upepo katikati ya kazi, Kocha akauacha usikike, na tukajulikana mjini. Tangu hapo tumehama kichwani tukashuka tumboni, na sioni dalili kwamba safari itaishia hapo.

12 Machi

Mvua. Leo Mwiko amejamba asubuhi nzima, kwa mujibu wa maandishi.

15 Machi

Jumapili ni siku yangu na Baba. Siku nyingine jirani yangu, ambaye tunatenganishwa naye na ukuta mmoja tu, ndiye humwangalia mpaka nirudi. Anakuja na cherehani yake, anashona sebuleni kwetu, na Baba anatazama sindano ikipanda na kushuka kama mtu anayetazama mpira.

Baba alikuwa mnadi. Alinadi samani kuukuu kwenye ghala karibu na stesheni, na watu walikuja hata wasiokuwa na nia ya kununua. Niliwahi kumsikia akinadi meza ya miguu mitatu. Aliwaambia watu mguu wa nne uko likizo, ukirudi utawakuta. Meza ikanunuliwa. Mnunuzi aliibeba kichwani huku akicheka, na sidhani kama aliwahi kuudai mguu ule.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Kilimwachia sauti, kikamvuruga maneno, kama mtu aliyehama nyumba kwa haraka akatia vijiko kwenye sanduku la viatu. Maji anayaita ngazi. Mimi ananiita Pasi. Anasema, "Pasi, niletee ngazi," nami nampelekea maji. Akishakunywa anatulia, anajisikiliza, anajua amekosea, anaanza kucheka mpaka mate yanamtoka upande ule uliolala. Namfuta, nami nacheka. Kicheko hicho ni chetu wawili. Hakina mtazamaji.

Kaka yangu mkubwa hunipigia simu kila mwisho wa mwezi, ananipa ushauri. Mazoezi. Mboga za majani. Tangu Baba augue hajaja. Anasema moyo wake hauwezi kumwona katika hali ile. Mimi wangu unaweza, kwa kuwa inaelekea nilizaliwa bila huo moyo.

20 Machi

Barabara ya chini imejaa maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka la magodoro nikitafuta pa kukanyaga, Mwiko akaja na mwavuli wake mkubwa akasema atanisindikiza. Sikutaka. Mtu ambaye asubuhi nzima amekutemea uji, jioni hutaki bega lake. Lakini mvua haichagui, nami sikuwa na mwavuli.

Tulipofika ilibidi nimkaribishe. Nilitamani Baba awe amelala. Alikuwa macho, amekaa kitini, ameshika kikombe kitupu. Akamtazama Mwiko toka juu mpaka chini, safari ndefu, kisha akamwomba ngazi.

Nilijua kitakachofuata. Naijua sura ya Mwiko anapopata kitu cha kuchekesha, pua inatangulia. Lakini hakucheka. Alipiga goti, akamwamkia kwa adabu, akaniuliza kwa sauti ya chini Mzee anataka nini, nikamwambia maji. Akayaleta mwenyewe. Yalipomwagika kidogo kidevuni kwa Baba, Mwiko alitoa leso yake akamfuta, polepole, bila kugeuza uso. Mimi nimewaona wauguzi wakigeuza uso.

Nimekaa nikifikiri kwamba labda sijui kumsoma mtu.

24 Machi

Mwiko amekuja tena. Amemletea Baba machungwa, amemmenyea.

27 Machi

Mvua tangu alfajiri. Tumerekodi sehemu ya Mama Mkwe kumeza mende. Mende ni tende iliyopakwa mafuta ya kupikia. Nimeimeza, nikaambiwa nimeimeza vizuri mno, nionekane ninaumia.

2 Aprili

Jirani ananiambia yule kijana mrefu anakuja hata siku nisizojua, saa za mchana tunapopumzika. Anakaa na Baba, anamwambia maneno, Baba anajibu ya kwake, wanaendelea hivyo kama watu wawili wanaoongea kwenye simu mbovu. Jirani anasema Baba siku hizi anaomba kunyolewa ndevu asubuhi. Anashika shavu na kusema "bustani, bustani," mpaka ampelekee wembe.

Nilimshukuru Mwiko leo kazini. Akatazama chini, akasema, "Dada, mimi baba yangu sikumjua. Nikikaa na Mzee najisikia nimekaa na mtu." Nikaona haya kwa yote niliyomfikiria. Hata jasho lake leo halikunikera.

5 Aprili

Kocha ametuma ujumbe kwamba wiki hii hakuna kazi, chumba kinavuja. Nimefua, nimeanika ndani, nyumba yote inanuka mbwa aliyelowa. Baba amekuwa akitazama mlango. Mwiko hakuja. Nimeitafuta kofia ya Baba, ile ya sufu ya kijivu anayovaa kukiwa na baridi, sikuiona. Jirani naye hajaiona.

11 Aprili

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye kwamba halikuwa kubwa.

Asubuhi nilipita dukani kuuliza kama chumba cha juu kimekauka. Muuza magodoro alikuwa amelala juu ya mali yake, simu usoni, tumbo linaruka kwa kicheko. Aliponiona alikaa, akafuta machozi. Akasema safari hii tumeua, kwamba amerudia kuitazama tangu jana na mkewe amemkataza kula akiitazama. Akanigeuzia simu.

Kulikuwa na mzee amekaa kitini. Kwanza niliona kofia. Nilifurahi, naapa, akili ilisema tu, kofia ya Baba hii hapa. Kisha nikauona mdomo. Mdomo umeanguka upande mmoja na mate yananing'inia, marefu, mazito. Yale si mate, ni ute wa yai. Nautambua, tuliwahi kuutumia, na aliyeuvaa ni Mwiko. Mzee anamwambia binti nisiyemjua, aliyevaa mto wangu wa sponji, "Pasi, niletee ngazi." Binti anakwenda, anarudi na ngazi ya kweli, anaisimamisha. Mzee anajaribu kuinywa. Analamba kipago cha kwanza. Anapanda, analamba cha pili, ute ukimfuata. Anaanguka. Chini ya yote kuna vicheko vya watu ambao hawakuwapo, vile Kocha huvibandika.

Kila kitu kilikuwamo. Jinsi Baba anavyotulia baada ya kukosea, akijisikiliza. Jinsi mkono wa kushoto unavyokwenda kuuchukua wa kulia na kuuweka mapajani kama mtoto wa mtu mwingine. Hata kule kucheka kwake. Kicheko chetu cha sebuleni, mimi na Baba, kilikuwa pale kimevaa ute wa yai, na muuza magodoro alikuwa akikicheka pamoja nasi.

"Huyu Mzee Ngazi," alisema, "mmemtoa wapi?"

Nilimrudishia simu yake. Nilitoka nje nikatapika kwenye mfereji, na mvua ikayachukua.

12 Aprili

Nilipanda juu leo. Chumba hakikuwa kimevuja hata tone. Walikuwa wote, na ngazi imesimama katikati ya chumba.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu jana, makali, ya mpangilio. Yote yakanipotea. Nikasema tu nataka kofia. Mwiko akaileta mikononi, hakuthubutu kunitazama. Ilikuwa imekakamaa kwa ute.

Kocha ndiye aliyesema. Kocha anapojitetea hushika filimbi yake kama shahidi. Alisema pale hakuna jina la mtu wala sura ya mtu, kwamba wazee wa namna ile wako kila mtaa, na kama ni hivyo basi kila mwenye mama mkwe angekwisha tushtaki. Alisema hatujawahi kupendwa hivi. Alisema wameniacha nje ya kazi hii kwa kunionea huruma, ili nisijisikie vibaya. Lile neno huruma ndilo lililonishinda. Kuna harufu ambayo hukaa kwenye chumba kile, ya rangi ya uso, soksi na chakula kilichosahauliwa, nami nimeivuta miaka yote nikidhani ni harufu ya vifaa. Leo nimejua ni yetu.

Nikamgeukia Mwiko. Nikamuuliza kama machungwa aliyomenya yalikuwa sehemu ya mazoezi.

"Hapana, Dada. Nilikuja kwa sababu nilimpenda," alisema. "Halafu siku moja nilimfanyia, pale pale, mbele yake. Akacheka sana. Nikamwomba ruhusa. Nilimuuliza wazi kama naweza kuifanya kwenye kamera. Akasema ndiyo. Na kofia akanipa kwa mkono wake."

Niliteremka ngazi za lile jengo nikiwa nimeibana kofia kwapani. Nimeiosha kwa maji ya moto. Imepungua, haimtoshi tena.

13 Aprili

Nimemuuliza Baba.

"Baba, Mwiko alikuomba ruhusa?"

"Ndiyo."

"Ulielewa ruhusa ya nini?"

"Ndiyo."

"Unataka chai?" Ndiyo. "Hutaki chai?" Ndiyo. "Baba, mimi ni mbuzi?"

"Ndiyo," alisema, akatabasamu. Sijui kama lile la mwisho lilikuwa ugonjwa au utani. Tangu augue sijamsikia akisema neno jingine mahali pa kukubali au kukataa. Ndiyo ndilo lililobaki kwenye sanduku, na analitumia kwa kila kazi, kama kisu kimoja katika nyumba ya maskini. Na Mwiko aliyajua hayo. Alikaa naye vya kutosha kuyajua.

16 Aprili

Mvua. Sijaenda kazini. Mpiga picha amekuja mlangoni, amesimama, amesema, "Kocha anasema..." kisha akaondoka.

18 Aprili

Leo kulikuwa na jua kidogo nikampeleka Baba nje, mimi na jirani tumemshika huku na huku. Tulipofika kona, vijana waliokuwa wakisukuma gari lililokwama walimwona. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, kama anayesaidia, "Mzee, tukuletee ngazi?" Wenzake wakaishiwa nguvu, gari likarudi nyuma.

Baba akawajibu, "Ndiyo."

Walifurahi sana. Sidhani walikuwa na ubaya. Ndiyo maana nimeshindwa kuwatukana. Ubaya ulikuwa umekwisha fanywa mahali pengine, umesafishwa, wao wameletewa kicheko tu. Nimemrudisha Baba ndani. Hajui kwa nini matembezi yamekuwa mafupi, amekasirika.

21 Aprili

Nilidhani nimefika mwisho wa kuchukizwa. Leo Kaka ameniongezea.

Amenitumia filamu ile. Chini yake ameweka safu ya nyuso zinazolia kwa kicheko, na maneno haya: "Mdogo wangu, hatimaye wenzako wamejua kazi. Huyu mzee ananiua."

Niliyatazama maneno yale mpaka simu ikazima mwanga. Kisha nikampigia.

"Kaka, hukumtambua?"

"Nani? Mwiko? Namtambua, nani asiyemjua."

"Yule mzee."

Akacheka, akasema wazee kama wale wako wengi, hata kazini kwao yuko mmoja.

"Akitaka maji anasema ngazi," nikamwambia. "Mimi ananiita Pasi. Nimekueleza kwenye simu tangu mwaka jana, na wewe ukaniambia mboga za majani."

Nilisikia televisheni nyumbani kwake, na mkewe akiuliza ni nani. Nikangoja. Nilikuwa tayari kumsamehe kwa neno lolote, hata kwa kikohozi.

"Mtandao unasumbua," Kaka alisema, akakata.

Mwiko alimwangalia Baba vizuri mno. Huyu hakumwangalia kabisa. Nimejaribu kupima yupi ananichukiza zaidi, mizani inayumba.

22 Aprili

Mvua ya mawe. Bati limepigwa mchana kutwa, sikusikia hata nilichokuwa nawaza. Nafuu.

25 Aprili

Mwiko alikuja. Sikumfungulia. Nilizungumza naye nikiwa nyuma ya mlango, nikamwambia akirudi nitamwagia maji ya moto, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Akasimama nje kwenye mvua muda mrefu. Baba alisikia sauti yake. Alijaribu kuinuka kitini peke yake, nusura aanguke.

28 Aprili

Baba hataki chakula changu. Anageukia ukuta. Akiitwa haitiki. Hata ndiyo hasemi.

Jirani alinyamaza siku zote hizi, leo akasimamisha cherehani. Akaniambia aliyekasirika ni mimi, Mzee hajakasirika, Mzee anamtafuta mwenzake. Nikamwambia mwenzake gani anayemuuza. Akauliza kama nimemuuliza Mzee. Nimemuuliza, nikasema, anakubali kila kitu.

"Basi mtazame uso, mwenzangu," jirani akasema. "Uso haukupooza wote."

Nimemchukia na yeye, kwa kuwa amesema kweli.

1 Mei

Nimemwita Mwiko. Nilimpa sharti moja: amwonyeshe Baba filamu ile yeye mwenyewe, akiwa amekaa karibu naye, nami nikiwa nimesimama pale naona. Nilitaka aione sura ya Baba ikivunjika. Ndilo nililolitaka, hakuna haja ya kulipamba.

Alikuja amekonda. Baba alipomwona alipiga kiti cha pembeni kwa kiganja, akae. Mwiko alikaa, akaishika simu mbele yao wote wawili.

Baba alitazama bila kucheka. Alikuwa anatazama kama alivyokuwa akitazama mali kabla ya kuinadi, macho yamebana, anatafuta ufa. Ilipofika pale pa ute aliinua mkono wa kushoto akagusa kidevu chake, akakuta mate, akayaangalia kwenye vidole. Nikamwangalia Mwiko; machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Ilipokwisha, Baba aliashiria irudiwe. Ikarudiwa. Katikati aliisimamisha kwa kuigonga simu, akamgeukia Mwiko, akamkamata taya. Akalivuta. Akalisukuma upande wa pili, mdomo wa Mwiko ukapinda kulia. Akautazama, akaurekebisha tena kidogo, akarudi nyuma kitini.

Kwenye filamu Mwiko alikuwa amelegeza upande wa kushoto. Alikosea upande, na Baba alikuwa anamsahihisha.

Kisha akacheka. Kilikuwa kile kile, kicheko chetu, na alikuwa akimpa mtu mwingine. Mwiko akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, kamasi na kila kitu. Nilikwenda jikoni, nikatema mate kwenye beseni, nikasimama pale nimeshika bomba mpaka waliponyamaza.

3 Mei

Nimemrudishia Kocha wigi na gauni. Alisema kuna nafasi ya mke wa Mzee Ngazi, ameandika kwa ajili yangu. Mke ni kiziwi. Nilitazama ukutani, palipokuwa na picha ya filamu yetu ya kwanza, mimi dirishani. Wamebandika Mzee Ngazi juu yake. Nikashuka.

6 Mei

Mvua imepungua. Baba anakula.

10 Mei

Kaka amekuja.

Amekuja bila kupiga simu, na viatu vipya, na kopo la maziwa ya unga. Nilipomwona mlangoni nililia, nami sikuwa nimepanga kulia. Akanikumbatia. Aliingia akamwamkia Baba, akakaa mbali kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Baba alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, jicho la kushoto likajaa maji. Nilikwenda kuandaa chai nikiwa na moyo mwepesi. Nilijiambia, masika haya yameleta hata hili.

Nilirudi na chai nikakuta Kaka amesimama, simu ameinyoosha kuelekea kwa Baba.

"Baba, unataka nini?" anasema. "Una kiu? Sema unataka nini. Sema ngazi. Ngazi, Baba, mara moja tu."

Aliponiona hakuishusha. Alinieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wenzake kazini hawaamini kwamba Mzee Ngazi wa kweli ni baba yake. Wamebishana. Anataka tu kuwaonyesha. Akairudisha simu usoni kwa Baba, akamchekea kama mpiga picha wa studio. "Sema, Baba."

"Hapana," Baba alisema.

Lilitoka zima, herufi zote, kavu, kama nyundo ya mnada. Kaka akauliza amesema nini. Jirani, aliyekuwa akishona pembeni, aliondoa mguu kwenye cherehani.

Kaka alikunywa chai nusu. Akasema afadhali awahi kabla mvua haijarudi. Mbingu zilikuwa nyeupe.

Nimebaki na neno lile. Kumbe alikuwa nalo. Siku zote hizi alikuwa nalo mahali fulani, na Mwiko alipomwomba hakulitoa. Au wakati ule lilikuwa limepotea bado, likapatikana leo kwa hasira. Nimemuuliza. "Baba, Mwiko naye ungemwambia hapana?" Ameniangalia kwa uchovu, amesema, "Pasi," na amefumba macho. Mwezi mzima nimebeba kinyaa nikidhani ninambebea yeye. Leo sina hakika kama aliniomba nikibebe. Nacho bado kiko hapa, kizito vile vile, na hakina mwenyewe ila mimi.

17 Mei

Jua siku ya pili. Nimetoa magodoro nje, nimefungua madirisha, nimeosha sakafu kwa sabuni mpaka vidole vikakunjana.

Muuza magodoro ameniambia, bila kuulizwa, kwamba kuna Mzee Ngazi mpya. Mwiko alikataa kuendelea, wakagombana juu ya kichwa chake mpaka vumbi la dari likamwangukia, na Kocha akamvika mtu mwingine kofia kama ile. Anasema huyu mpya anatoa mate zaidi. Hajawahi kumwona Baba, hajui hata kwamba yupo. Nilidhani nitatapika tena. Sikutapika. Mwili nao huzoea, na hilo nalo linanichukiza.

Saa za mchana Mwiko alipiga hodi. Nilifungua nikasimama mlangoni, ufagio mkononi. Alikuwa na mfuko wa machungwa.

"Dada, bado una hasira na mimi?"

"Hasira imekwisha," nilimwambia. "Unanitia kinyaa. Hicho hakijaisha, na sijui kama kitaisha."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa bei ya kitu na kuona ni haki. Akauliza kama aondoke. Ndani nilisikia kiganja cha Baba kinapiga kiti cha pembeni, pa, pa, pa, anaita.

Nikasogea kando apite.

"Vua viatu," nikamwambia. "Nimetoka kupiga deki."